Ghorofa ya Juu ya Basi Namba Kumi na Moja

Mwanakhamis alipotangaza kwamba Alhamisi anakwenda London, kaka yake Ahmada aliweka kijiko chini.

"London ngazi tupu," alisema. "Treni zao zenyewe ziko chini ya ardhi. Utashuka vipi na gongo lako?"

Hakuwa akisema kwa ubaya. Polio ilimkausha Mwanakhamis mguu wa kushoto tangu utotoni Zanzibar, na Ahmada ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani. Sasa, mwaka 1971, walikuwa wakiishi pamoja Saltley, mtaa wa mji wa viwanda Uingereza, mbali na London, naye bado alijiona ndiye mlinzi wake. Lakini Mwanakhamis alikuwa mwanamke mzima, fundi wa kushona mapazia, na amechoka kuisikia London midomoni mwa wateja wake.

Kesho yake alikwenda Alum Rock Road, dukani kwa Inderjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Kabla ya kufungua duka, Inderjit alikuwa kondakta wa mabasi huko huko London.

"Treni za chini achana nazo, dada," alimwambia huku akipima mchele. "Ukifika Victoria, ulizia basi namba kumi na moja. Hilo linapita kila mahali: bungeni, uwanja wa Trafalgar wenye sanamu za simba, kanisa lile la kuba. Njia usimuulize mtu mwenye haraka, muulize muuza magazeti. Chakula beba chako ukale bustanini, maana mikahawa ya pale huwanyonya wageni. Na ukae ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Chini utaona magoti ya watu tu."

"Ngazi yake ikoje?"

"Nyembamba, tena imejipinda. Lakini ina vyuma vya kushika. Mwambie kondakta asipige kengele mpaka ukae. Atangoja. Mimi nilikuwa nangoja."

Alhamisi Ahmada aliomba ruhusa kazini, akamfuata. Muuza magazeti wa Victoria aliwaonyesha kituo, na basi jekundu likaja, wazi kwa nyuma. Kondakta, Mwingereza mnene, akamwonyesha Mwanakhamis kiti cha karibu.

"Nakwenda juu," Mwanakhamis alimjibu kwa Kiingereza. "Tafadhali usipige kengele mpaka nikae."

Kondakta aliutazama mguu, akaitazama ngazi, akaondoa mkono kwenye kamba ya kengele.

Mwanakhamis alimpa Ahmada gongo. Akaipa ngazi mgongo, akakaa kwenye kidato cha kwanza, akashika vyuma, akajinyanyua hadi cha pili. Mikono iliyozoea kukaza vitambaa vizito haikumwangusha. Chini, bwana mmoja mwenye kofia alianza kufyonya.

"Mwenye haraka anaweza kutembea," kondakta alimwambia.

Kwenye kona ya ngazi kiatu kilinasa. Ahmada akanyoosha mikono kumbeba.

"Usinishike!"

Ahmada akairudisha. Mwanakhamis alivuta pumzi, akauinua mguu kwa mikono yake miwili, akaunasua. Akaendelea kupanda, jasho likimtiririka chini ya mtandio, mpaka akafika juu na kujitupa kwenye kiti cha mbele.

"Tayari!" alipiga kelele. Kengele ikalia.

London ikaja usoni pake. Matawi yakaparuza kioo. Saa kubwa ya bunge ikapita, kisha mto ukimetameta nyuma yake, kisha simba weusi wamelala na njiwa vichwani. Kule mbele kuba la kanisa likawa linakua, linakua, mpaka likajaza dirisha zima. Mwanakhamis alikuwa akicheka kwa sauti, na abiria wa nyuma wakacheka naye.

Mwisho wa safari kondakta alipanda kuwaambia wamefika. Ahmada alishainama, mgongo tayari kumbeba.

"Nani kasema tunashuka?" Mwanakhamis aliuliza. Akamgeukia kondakta. "Linarudi?"

"Linarudi, nikimaliza chai yangu."

"Basi tutangoja. Nataka kuuona upande wa pili."

Ahmada alibaki amesimama na gongo mkononi, akimtazama dada yake kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Kisha akakaa.

"Haya, nipishe na mimi hapo dirishani," alisema.

Hakupishwa.