Nyumba Iliyonuna

Mtangazaji alikuwa amejipaka sabuni usoni, anajiandaa kwenda kusoma taarifa ya habari ya asubuhi, maji yalipokata. Kwa jirani watu walikuwa wanaosha gari. Fundi aliitwa, akagongagonga mabomba, kisha akafunga mkoba wake.

"Maji yamo, mzee. Bomba limenuna tu."

"Limenuna nini?"

"Hayo ni ya ndani ya nyumba. Mimi siingilii."

Mama yake mtangazaji ndiyo kwanza amezikwa. Alikuwa ameishi pale tangu mjukuu wake azaliwe, na mwanawe alimkataza kusema lugha ya kwao mbele ya mtoto, asije akamharibia matamshi. "Lugha ya kuswagia ng'ombe," alizoea kuwaambia wageni, wageni wakacheka, na bibi naye akacheka kwa adabu. Basi akawa anazungumza na wale ambao hakukatazwa: bomba akiosha vyombo, jiko akipika, mlango akimsubiri mwanawe. Aliviamkia, akavitania, akavisimulia ya ujanani. Hakuna mwingine aliyewahi kuvisemesha, kwa hiyo havikujua lugha nyingine. Sasa vilikuwa vimefiwa, na hakuna aliyevipa pole.

Jioni jiko nalo likagoma. Mtangazaji alisafisha koo, akaliomba kwa sauti yake ya redioni. Halikuwaka. Akajaribu lugha ya mama yake, lakini kilichomjia mdomoni ni yale maneno ya kufukuzia kuku. Kabati likajibamiza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mamaye alimfunza vizuri, yeye akasahau kwa makusudi, na sasa ilikuwa zamu ya vyombo.

Mkewe akamleta muuza mkaa wa barabara ya nyuma, ambaye kwao ni kule kule kwa marehemu. Mama huyo aliweka kiganja juu ya bomba, akalisalimia kirefu, akalipa pole. Maji yakatoka.

"Linasemaje?" mke akauliza.

"Linasema marehemu alikuwa akilifungulia sana ili kilio chake kisifike sebuleni."

Mtangazaji alitazama saa yake. "Nifundishe neno la kuomba radhi, dada. Nitakulipa."

"Neno hilo ulibembelezwa nalo mgongoni. Katafute ulikolitupa."

Hakumfundisha, wala hakuficha kwamba amefurahi.

Walikubaliana awe anakuja asubuhi kuzungumza na nyumba, ila anong'one, mtoto asisikie. Hakunong'ona. Aliamkia kwa sauti ya sokoni, na mtoto akawa anaitikia huku kijiko kikiwa mdomoni.

Siku mtangazaji alipomkuta binti yake akilitania jiko, na jiko likicheka, alimfukuza muuza mkaa, akamzaba mtoto kofi, akaenda kazini. Jioni mlango haukumfungulia. Mvua ilikuwa inanyesha. Mkewe alivuta kitasa kwa ndani mpaka akachoka.

"Mwanangu," baba akaita, "uambie mlango unifungulie!"

Binti alisogea mlangoni, akamjibu kwa lugha ya bibi yake, taratibu, maneno mengi. Baba hakuambulia hata moja. Mlango ulielewa yote, ukabaki umefungwa.

Siku hizi anaingilia dirisha la choo. Majirani humshikia mkoba akiparamia, na wote hukubaliana naye kwamba lugha ile haina faida yoyote.