Asante ya Rosaire

Ijumaa, saa nne asubuhi, Léontine alikuwa akimenya viazi simu ilipolia kwa mara ya tatu. Alikuwa Rosaire, msimamizi wa kiwanda cha kaa. Safari hii aliyejikata kiganja cha mkono wa kulia ni Edmée, binti wa marehemu kaka yake Léontine.

Kwenye pwani ile ya Akadia, mzuia damu haendi kwa mgonjwa. Hutajiwa jina kamili, hunena maneno yake, simu ikakatwa. Halipwi wala hashukuriwi. Maneno yenyewe ni mawili. La kwanza huita: vichembe vya damu hukimbilia jerahani, vikashikana, nyuzi zikavifuma vikawa donge. La pili hukataza: huuambia mshipa mzima, usio na kidonda, usipokee uzi hata mmoja. Kitendawili: wavu wangu hauvui samaki, ukizidi humvua mwenyewe. Jibu mnalo.

Léontine alinena la kwanza. Kabla ya la pili, Rosaire, kwa aibu ya kumsumbua mara tatu asubuhi moja, akasema, "Asante, mama."

La pili likakwama kooni, halikutoka tena.

Saa sita donge lilikuwa limevuka bendeji likafika kiwikoni. Saa saba upande wake mmoja ulikuwa umeshuka mezani, mweusi, mnene kama soseji ya damu, ukaufuata mkanda unaobeba kaa. Wanawake walisogeza visu vyao, wakaendelea kupasua miguu ya kaa. Mashine haikuzimwa. Msimu ni mfupi.

Léontine alifika kiwandani kwa miguu yake mibovu, akauliza upande wa pili umefika wapi.

"Begani," alisema Edmée, midomo imempauka. "Nalo lapanda haraka kuliko wewe, shangazi."

Kutoka begani hadi moyoni si mwendo. Asante hufutwa kwa tusi, na tusi lazima liwe la kweli. Léontine akamwambia Rosaire amtukane.

"Wewe mzee," alijaribu Rosaire, ambaye mama yake alimlea vizuri.

"Hilo hata kioo huniambia."

"Una domo."

"Majirani walishasema. Ongeza, mtoto anakufa."

Rosaire aliitazama sakafu yenye maji na magamba.

"Kama si wewe," alisema taratibu, "tungekuwa tumenunua glavu za waya zisizopitisha kisu miaka kumi iliyopita."

Léontine alishika ukingo wa meza. Kisha akalinena neno la pili, na donge likasimama pale pale begani.

Wanawake walilikata lililozidi kwa mikasi ya kaa, wakalitupa kwenye pipa la magamba. Lililobaki ndani lingeyeyuka lenyewe, uzi kwa uzi, kwa wiki kadhaa, kama madonge mengine. Mmoja alimletea Léontine ndoo aigeuze akae.

Rosaire akamuuliza Edmée kama mkono wa kushoto unaweza kushika kisu.

Edmée akaujaribu. Akasema unaweza.