Lori Kwenye Njia ya Ng'ombe

"Gari lenyewe halina hata gurudumu, mlango unaufungia nini? Unaogopa litatoroka?"

Mzee Mageni aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi kaya za ng'ambo ya bonde, na alisikika. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walitua madebe yao, kila mmoja ghafla akiwa amechoka, wakakaa kwenye nyasi kupumzika. Ugomvi mzuri wa jioni haupatikani kila siku, na huu ulikuwa umeanza na mwenye mdomo.

Cornel alisimama kwenye ngazi ya lori, shati la kazi begani, nyusi zimejaa vumbi jeupe la mawe yanayosagwa mgodini. "Nafunga kwa sababu ya mbuzi, mzee."

"Mbuzi wangu?"

"Sijasema wako."

"Hapa kuna mbuzi wa nani mwingine? Haya, mmesikia akina mama! Mbuzi wa Mageni sasa ni wezi, wanapanda malori!"

Kicheko kililipuka. Hata Cornel midomo ilimcheza, lakini mzee hakumpa nafasi. Alichomeka fimbo yake ardhini, akaiegemea.

"Sikiliza, Mkara. Lori lako limekaa kwenye njia ya ng'ombe wangu. Ng'ombe wanalizunguka, wanaingia kwenye mihogo ya watu, kesi naletewa mimi. Hilo nimelimeza masika mazima. Hili jingine ndilo linalonikaba. Kila jioni unajifungia humo ndani na chakula chako. Mwanamume mzima, na majirani tupo! Mtu anayekula amefunga mlango, anakula nini?"

Kicheko kilikatika. Katika nchi ile swali hilo halikuulizia mboga. Mwanamke mmoja aliinua debe lake, akajitwisha bila kungoja kusaidiwa, akaondoka bila kugeuka nyuma.

"Nakula ugali, mzee," Cornel alisema, na sauti yake ikamwangusha, maana ilitoka kama ya mtu anayedanganya.

"Jumapili tutajua. Mwanangwa ameshanipa ruhusa." Mwanangwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji kwa niaba ya mtemi, na akishasema amesema. "Vijana watakuja walisukume hilo bati lako mpaka korongoni. Uwemo, usiwemo, shauri yako."

Lori hilo lilikuwa Bedford la jeshi. Baada ya vita lilinunuliwa na tajiri mmoja wa pamba, likabeba marobota kutoka Shinyanga miaka kadhaa, likakohoa, likapona, likakohoa tena, mwishowe likafia pale kwenye njia ya kwenda Nyarugusu. Tajiri alituma mafundi wakang'oa injini, wakang'oa magurudumu, wakang'oa hata taa, kama watu wanaomvua maiti viatu. Dereva alidandia gari jingine akaenda kwao. Cornel, aliyekuwa utingo, aliambiwa abaki kulilinda bodi, kisha akasahauliwa pamoja nalo.

Hakusikitika sana. Mgodi ulikuwa unaita watu kutoka kila upande, na vyumba vya karibu na lango vilikuwa vimejifanya dhahabu navyo. Mtu alikuwa akimaliza kukandika kibanda leo, udongo haujakauka, kesho kimejaa wapangaji wanaolala kwa zamu, anayetoka shimoni akilalia joto la anayeingia. Cornel alipopata kazi kwenye kinu cha kusagia mawe alivitazama vyumba hivyo, akauliza kodi, akacheka, akarudi kwenye lori lake. Alitandaza turubai juu, akapigilia mlango wa mbao nyuma, akafunga kitanda cha kamba kwenye vyuma vya bodi. Mvua ikinyesha ndani palivuma mtu asiyasikie mawazo yake. Jua likiwaka ubavu wa lori ungeweza kukaangia karanga. Lakini mwisho wa mwezi hakuna aliyemgongea, na senti alizookoa zilikuwa zinakwenda Ukara kwa mama yake, kisiwani, ambako mashamba ni mawe matupu na watu ni wengi.

Jioni alihamia mbele, kwenye kiti cha dereva. Katika miaka yake yote ya utingo hakuwahi kuruhusiwa kukigusa. Sasa alikikalia kila siku, mikono kwenye usukani, akitazama kupitia kioo kilichopasuka. Alichokitazama ni shikome, moto wa wanaume, uliowashwa uani kwa Mageni jua likizama.

Walimkaribisha kwenye moto huo alipofika. Kila kaya ilileta chakula chake pale: mke wa huyu kaleta ugali wa mtama na maziwa, binti wa yule kaleta mlenda, na wanaume walikizunguka chungu hiki, wakahamia kile, wakisifu, wakiwasengenya wapishi, wakimwuliza mwenye nyumba kama leo amegombana na mkewe maana chumvi imezidi. Cornel alikula siku za mwanzo akiwa na furaha. Halafu akaanza kuona. Kila mwanamume pale alikuwa na chungu kilicholetwa kwa jina lake, hata kikongwe mmoja asiyeona vizuri, aliyepikiwa na mjukuu. Yeye alikuwa na mikono mitupu. Angeweza kupika, alijua kupika kuliko wake zao wengine, lakini mwanamume atokeze mbele ya wazee kabeba chungu alichokisongea mwenyewe? Alivisikia vicheko kabla havijatoka. Basi jioni moja akasema amechoka. Nyingine akasema ana zamu. Baadaye hapakuwa na aliyemwita. Na mlango akaanza kuufunga, ili mtu yeyote asije akamkuta ameinamia mafiga na mwiko mkononi.

Aliendelea kusikiliza, hata hivyo. Upepo ukitoka upande wa bonde, maneno ya Mageni yalimfikia yote. Alikijua kisa cha dume lililopotea likapatikana kwenye boma la mkwe. Alikijua cha fisi aliyenyeshewa mvua akabisha hodi. Kila Mageni alipokisimulia kisa cha fisi aliongeza uongo mpya, na Cornel, peke yake gizani, alilaza kichwa kwenye usukani akacheka hadi machozi. Kisha alinyamaza ghafla, akisikia jinsi kicheko cha mtu mmoja kinavyovuma ndani ya bati.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa akienda kazini, alimkuta Mbuke, mke wa Mageni, akitoka na furushi kichwani.

"Mwangaluka, kijana," alimsalimu kwa Kisukuma, bila chuki.

"Mwangaluka, mama. Safari?"

"Msiba, Kharumwa. Shangazi yangu. Mzee tulikuwa twende naye, nguo zake nimeshazikunja, lakini lori lako limemng'ang'ania. Anasema hawezi kuondoka kabla ya Jumapili." Alirekebisha furushi, akamtazama Cornel kama anayepima kitambaa. "Usimchukie. Siku hizi anaongea na moto."

Cornel hakuelewa. Alishika njia ya mgodini.

Jumamosi zamu ilikwisha mchana, akaenda kutafuta chumba. Alizunguka karibu na lango la mgodi hadi miguu ikawaka. Mwenye nyumba mmoja, mwanamke mnene wa Tabora aitwaye Mwanaima, alimwonyesha pembe ya chumba, mkeka umekunjwa ukutani.

"Hapa utalala usiku. Mchana analala Ignas."

"Na vyombo vyangu?"

"Una vyombo vya nini? Si utakula hotelini kama wenzako?" Alimtajia kodi, akaona uso wake, akalainika. "Ndiyo bei ya dhahabu, mwanangu. Mimi mwenyewe nalala jikoni."

Alirudi jua linaelekea kuzama, hana chumba. Akawasha mkaa, akainjika maji, akakaa kwenye kiti cha dereva kungoja yachemke. Kule uani kwa Mageni moto ulikuwa umewashwa. Cornel aliutazama kwa mazoea, kisha kitu kikamvuta ausogelee kwa macho. Palikuwa na mtu mmoja. Alijaribu kukumbuka juzi walikuwa nani. Kikongwe alikufa wakati wa kiangazi, msiba wake aliusikia kwa ngoma. Wana wa Mageni wawili walikuwa wameingia mgodini na wake zao wakawafuata kwenye nyumba za kazi. Na yule aliyekuwa akiletewa mlenda na bintiye? Naye alikuwa amemwona, tena kwenye foleni ya asubuhi, na taa kichwani. Miezi yote ile alidhani anatazama watu waliomsahau, kumbe walikuwa wanaondoka mmoja mmoja mbele ya kioo chake. Na visa vile, vya dume na vya fisi, mzee alikuwa akivisimulia kwa sauti kubwa hivyo kwa ajili ya nani?

Hakuna chungu kilicholetwa. Mageni alichokoa moto, akainuka, akachukua fimbo yake, akaja moja kwa moja hadi kwenye lori. Hakupiga hodi. Aligonga bati.

"Umeshafungasha?"

Cornel alitoka nyuma, akasimama mlangoni juu yake. "Bado. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinichanganye na salamu. Kesho ni kesho."

"Najua. Vijana watakuwa wangapi?"

"Unataka kuwahesabu ili iweje? Uwapige?"

"Nijue unga wa kuchemsha uji. Lori hili zito. Hawatalisukuma na njaa."

Mageni alimkazia macho akitafuta dharau. Hakuipata. Alitazama chini, akachora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo, akaufuta kwa mguu.

"Hawaji," alisema.

"Nani?"

"Vijana. Nimepita kaya zote tangu asubuhi. Wako shimoni. Wasio shimoni wanalala, wanangoja zamu ya usiku. Nimepata mmoja mwenye mguu mbovu, na babu yake." Alikaa chini kwenye ngazi, taratibu, kwa vituo, kama ng'ombe mzee. "Lori lako hata kutikisika halitatikisika. Kaa. Umeshinda."

Habari hiyo Cornel aliitamani tangu Alhamisi. Sasa imekuja, na aliiona ikiwa imekaa kwenye ngazi yake, mabega yameanguka, shingo nyembamba kuliko ilivyoonekana kutoka mbali. Aliona pia mfuko wa shati la mzee umetuna, na ndani yake vipande vikavu vya viazi.

"Michembe hiyo?"

"Michembe."

"Ndiyo chakula cha leo?"

"Na cha jana. Mama ameondoka."

"Na kaya nyingine? Si wangekuletea?"

"Wanadhani mama ameniachia chakula. Unataka nipite kwa watu nikiomba ugali? Mimi Mageni?" Alikohoa. Alipoongea tena alikuwa ameugeuza uso wake upande wa bonde. "Ulikuwa unakuja motoni siku zile. Ukaacha. Mimi nimekaa, nimejiuliza, tulimkosea nini Mkara wa watu? Tulimtukana? Mchuzi ulimdhuru?"

Cornel alisikia masikio yakimwaka, kama alipokuwa mtoto. "Sikuwa na chungu cha kuleta, mzee."

"Chungu?"

"Kila mtu alikuwa na chake. Mimi sina mke, sina binti."

Mzee aligeuka, akamtazama. "Vyungu," alisema polepole. "Vyungu vilikuwa vinarudi nyumbani vina ugali ndani, wanawake wanatununia. Walaji ndio waliokuwa wanapungua." Akatikisa kichwa, na kitu kama kicheko kikapita kifuani mwake bila kutoka. "Nami nikaenda kwa mwanangwa nikasema unakula watu."

Ndani, maji yalianza kugonga kifuniko. Cornel aliyasikia, na mzee naye aliyasikia, na wote wawili wakajifanya hawakusikia. Huko nyuma yake kulikuwa na mafiga, kulikuwa na mwiko umelazwa juu ya unga, na kitambaa alichojifunga kiunoni asichafue suruali, bado kimefungwa. Alishika fundo lake kulifungua. Akaliacha.

"Napika mwenyewe, mzee. Kwa mkono wangu."

"Naona. Umevaa kama mama mkwe wangu." Pua ya Mageni ilichezacheza. "Ni nini hicho kinachonukia?"

"Samaki. Furu wakavu, wa kwetu kisiwani."

"Furu wana miiba."

"Wanayo."

"Sisi watu wa ng'ombe miiba inatushinda."

"Nitakuchambulia."

Mzee alitazama uani kwake, ambako moto ulikuwa umebaki kaa tu, kisha akainuka, akashika ukingo wa bodi kwa mkono mmoja, fimbo kwenye mwingine, asijue aanze na mguu upi, maana hakuwahi kupanda lori maishani mwake.

"Ngazi hiyo ya chini imeoza, kanyaga ya juu," Cornel alimwambia, akamnyooshea mkono. "Karibu ndani, mzee. Tule."