Meno Yaliyotoka Kwenye Mkate

Mara mbili meno ya bandia yaliniponyoka mkononi. Gurudumu la kitambaa lilikuwa linazunguka, limelowa maji na unga wa jiwe, na kila nilipofika jino la mbele la kushoto lilikwama, maana lilikuwa limejitokeza mbele ya mwenzake. Fundi mwingine yeyote wa Samarkand angelisaga likae sawa. Mimi nililiacha. Niliimwagia maji ile plastiki ya fizi yenye rangi ya waridi isije ikapata joto na kujipinda, nikaendelea kusugua polepole, ingawa nilikuwa na hasira.

Aliyenikasirisha alikuwa mama. Wiki ile, mtu tuliyemzika alikuwa amekuja kubisha hodi.

Kaka yangu Dilovar alikwenda Urusi kujenga maghorofa nikiwa ningali mtoto. Asubuhi ya kuondoka aling'ata mkate, kama wafanyavyo wasafiri wote kwetu, na mama akautundika ukutani umngoje aje aumalize. Badala yake tukaletewa jeneza lililopigwa misumari, na amri ya kutolifungua. Tukazika. Baba naye akafuata kabla mwaka haujaisha. Mkate ukabaki pale pale, mkavu kama kigae, na ole wake ambaye angeugusa.

Sasa uani alisimama mwanamume mwenye mvi, mashavu yamebonyea, hana hata jino moja la juu. Alisema vibali vyake vilikuwa mfukoni mwa mwenzake siku jengo lilipoporomoka. Yeye akaokotwa hana meno wala jina, akaishia gerezani.

"Mwanangu nilimzika," mama alimwambia.

"Mama, niulize chochote."

"Nikuulize nini? Mliolala naye chumba kimoja mnajua mpaka jina la mbuzi wetu. Kalale kwa jirani."

Mimi nilimwamini tangu alipoingia maabarani kwangu, akaviangalia vinywa vya plasta vya wateja vilivyopangwa rafuni, akauliza, "Mdogo wangu, hawa wote wanakucheka wewe?" Upuuzi wa namna hiyo ni wa Dilovar tu. Kwa hiyo mama alipokwenda sokoni nilibandika nta laini pale mkate ulipong'atwa ili nipate alama za meno, nikayapanga meno yake vilevile, pamoja na lile lililojitokeza. Sikumwambia mtu. Nilipomaliza kuyapitisha kwenye brashi ya manyoya, fizi ziling'aa kama zimelambwa sasa hivi.

Dilovar aliyavaa uani, mbele ya mama. Mama akaenda kuushusha mkate ukutani, akaupuliza vumbi, akamwekea mdomoni. Kila jino liliingia mahali pake. Nikapiga kigelegele.

Mama akarudi nyuma.

"Toka nyumbani kwangu."

Nilipigwa na butwaa. "Mama! Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Ndiyo maana namwambia atoke."

Meno niliyoyasugua kwa mikono yangu ndiyo yaliyokuwa yanamfukuza kaka yangu, na sikuelewa kwa nini.

Dilovar aliutazama mkate, akaugeuza. Alipitisha ulimi kwenye lile jino. Kisha akayatoa meno yote, akayashika kiganjani.

"Mama, haya si yangu," alisema kwa midomo iliyobonyea. "Asubuhi ile jino lilikuwa linaniuma, nisingeweza kung'ata hata ndizi. Baba ndiye aliyeung'ata, nyuma ya mlango. Akaniapisha nisikwambie, eti utasema ni mkosi."

Mama akakaa chini hapo hapo, juu ya mawe ya ua.

"Niliwachungulia kwenye ufa wa mlango," alisema. "Nilijua atakayedai kuwa meno ya mkate huu ni yake siye mwanangu. Nilikuwa nangoja wa kuniambia hayo."

Kisha akalia kwa sauti ambayo sikuisikia katika mazishi yale mawili. Ni nani tuliyemlaza kaburini, siku ile hakuna aliyethubutu kuuliza.

Alipotulia, Dilovar aliyasuuza meno, akayarudisha, akatabasamu kwa woga. Lile lilikuwa tabasamu la baba, halikupungua kitu, na mimi ndiye niliyeling'arisha bila kulitambua.

Mama alimtazama kidogo, akavuta kitambaa chake akafunika nywele zilizochungulia, kama alivyokuwa akifanya kila baba alipoingia. Halafu akainuka kwenda kuchemsha chai ya kulowekea mkate.