Mkono wa Nyuma

Mzee Kanuni alifika kwenye kona ya kituo cha mafuta, akainamisha bega la kulia kidogo, akangoja mkono utoke. Mkono haukutoka. Alishaanza kukata kona pale breki zilipolia nyuma yake, na gari dogo jeupe likasimama karibu kabisa na tairi lake. Dereva akatoa kichwa dirishani. Hakutukana, alimwuliza tu yule mzee kama mikono yake ilikuwa ya pambo. Mikono alikuwa nayo, yote miwili, mizima na yenye nguvu. Ila huo aliokuwa akiungoja haukuwa wake.

Ulikuwa mkono wa mkewe, na mkewe alikuwa amefariki wakati wa mvua zilizopita. Katika ndoa yao yote bibi huyo alipanda nyuma, kwenye keria, ameketi upande na kibeti mapajani. Asubuhi mume alimshusha kwa dobi alikopiga pasi mashati ya watu, kisha yeye akaendelea hadi kwenye duka la miwani alikokuwa fundi wa fremu. Jioni alimpitia. Kazi ya barabarani waligawana bila kuitisha kikao: mume alishika usukani, na mke akashika yote yaliyobaki. Mke ndiye aliyetazama nyuma, na ndiye aliyenyoosha mkono walipotaka kupinda. Mwanzoni mume alikuwa akisema “kulia” au “kushoto”. Baadaye bega likatosha. Aliliinamisha, na mkono ukatoka wenyewe, umevikwa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama.

Hilo jina la Mzee Kanuni alipewa na waendesha baiskeli wenzake, na halikuwa la sifa. Alisimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu kama msikiti wa saa nne. Wenzake walimpita wakichekelea, naye aliwapigia kengele na kuwasomea somo lake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wenye magari aliwachukia zaidi. Alisema mtu akishapata usukani wa duara adabu humtoka kupitia bomba la moshi. Lililomkera kuliko yote ni honi. Kila walipomaliza kupinda kona ya kituo cha mafuta, hakukosekana dereva wa kuwapigia, pii-pii, fupi, mara mbili.

“Kosa letu nini sasa?” alikuwa akilalamika. “Tumesimama, tumetazama, tumetoa mkono. Bado wanatupigia kelele.”

Mkewe alicheka mgongoni mwake. “Wewe endesha, mzee wangu,” alisema, na mambo yakaishia hapo.

Sasa Mzee Kanuni alikuwa ndiye mkosaji wa barabara nzima, na aibu ilimtafuna. Alikuwa amejivika heshima maisha yake yote, kumbe nusu ya ile heshima ilikuwa ya mtu mwingine. Hakuwa na mazoea ya kugeuza shingo. Alipojaribu kuachia usukani mkono mmoja, baiskeli, isiyo na mzigo wake wa kila siku, iliyumba kama mbuzi anayekataa kamba. Lakini si kuyumba tu kulikomzuia. Kila aliponyanyua ule mkono alihisi anamwambia marehemu kwamba nafasi yake imeshapata mtu. Basi akawa anapinda hivyo hivyo, amekaza meno, au anashuka na kuikokota baiskeli kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, magari yakimngoja kwa subira ya kumsikitikia.

Watu hudhani upweke hukaa nyumbani. Majirani walimletea chakula, wakamwashia taa, wakamkalia sebuleni asije akazungumza na kuta. Walikuwa wema, lakini walikosea mahali. Nyumbani yeye na mkewe hawakuwa wasemaji. Kila mmoja alichoka kivyake na kulala mapema. Maneno yao yote yalikuwa ya barabarani. Pale kwenye baiskeli mkewe aliusimulia mgongo wake habari za mashati, nani kanenepa, nani kafukuzwa kazi maana haleti tena shati la tai, na yeye aliitikia kwa kuguna kwenye milima na kwa kucheka kwenye miteremko. Upweke wa Mzee Kanuni ulikaa keriani. Aliubeba kwenda na kurudi, na haukuwa na uzito wowote.

Habari za lile gari jeupe zilifika mahali zilipokusudiwa. Mpima macho wa duka la miwani, linalotazamana na kona ile, aliona yote kupitia kioo, akampigia simu binti wa mzee, mtoto wake wa pekee. Binti alikuja jioni ile ile na gari lake, akasimama mlangoni na funguo mkononi, hata kiti hakutaka.

“Baba, baiskeli hii naiuza.”

“Baiskeli ni yangu.”

“Na wewe ni wangu. Mama nimeshamzika. Sina nguvu ya kuzika mwingine mwaka huu.”

Mzee akainama. Binti akalainika, akaketi, akaeleza alivyopanga: chumba cha uani kipo, kina dirisha, na asubuhi atampeleka kazini kwa gari na jioni atamrudisha. Ulikuwa mpango mzuri, wa mtoto mwenye mapenzi, na mzee aliusikiliza huku moyo ukimshuka hatua kwa hatua. Alijiona kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda kama kifurushi, kioo kimepandishwa, akipitishwa kwenye barabara yao upesi mno. Hakuweza kuyasema hayo. Alichosema ni kwamba yeye ni mtu wa sheria, na mtu wa sheria hahukumiwi bila kusikilizwa.

Binti akacheka bila kupenda, maana hapo alimwona baba yake wa zamani. Wakapatana. Kesho angemfuata nyuma na gari, kutoka nyumbani hadi dukani. Asipokosea, baiskeli haitatajwa tena. Akikosea, atafunga virago. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” binti akasema akinyanyuka. “Kesho mkuu ni mimi.”

Asubuhi mzee alivaa shati jeupe. Alipanda baiskeli, akasikia gari la bintiye likinguruma taratibu nyuma yake, na nyuma ya hilo msururu wa magari mengine yasiyoelewa msiba huo ni wa nani. Njia ya mwanzo ilikuwa nyoofu na haikumpa taabu. Alipofika kwenye taa za kituo cha mafuta, zikawaka nyekundu. Akasimama kwenye mstari, mguu mmoja chini. Waendesha baiskeli wawili walimpita wakikatiza taa bila hata kupunguza mwendo, naye, kwa mara ya kwanza, hakuwapigia kengele. Alikuwa akiutazama mkono wake ulioushika usukani.

Lori la kuzoa taka likaja kusimama ubavuni mwake. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akachungulia chini.

“Shikamoo, mzee. Yule mama hupandi naye siku hizi?”

“Mama yupi?”

“Wa nyuma. Mama wa mkono.”

Mzee alimkazia macho. Dereva akadhani hajaeleweka, akatoa mkono wake dirishani ili kumwonyesha. Aliunyoosha kwanza, kama mtu anayepinda. Kisha akakigeuza kiganja juu na kuvipunga vidole polepole, kama anayemuaga mtoto shuleni.

“Hivi. Mkishapinda, lazima atushukuru. Barabara hii sote tunamjua. Hata uwe umeamka na hasira zako, ukimwona unapunguza mwendo mwenyewe. Basi na sisi tunamwitikia, pii-pii.”

“Zile honi,” mzee akasema. “Zile honi zilikuwa zake?”

“Za nani tena? Wewe hukuwahi hata kugeuka.” Dereva alitabasamu, halafu uso wa mzee ukamfundisha adabu. “Anaumwa?”

“Amefariki.”

Dereva akavua kofia. “Pole sana, mzee wangu. Tulimkosa tu hivi hivi. Hatukuwa na wa kumwuliza.”

Taa ikawa ya kijani. Mzee Kanuni hakuondoka. Alisimama pale pale, mguu chini, machozi yakimtiririka hadharani, na msururu mzima nyuma yake ukaanza kupiga kelele. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba nyuma yake mtu anayesalimiana na mji, naye akinung'unika. Kwa nini mkewe hakumwambia? Pengine alitaka kuwa na kitu chake mwenyewe, kidogo, kisichopitia mgongoni mwa mume. Au pengine alimwambia, kwa kile kicheko, na yeye hakuwa na masikio. Pengo la mkewe lilimuuma wakati huo kuliko siku ya kumzika, maana siku ile alidhani anamzika aliyemjua.

Lori halikusogea. Lilibaki ubavuni mwake kama ukuta, na binti yake nyuma naye hakupiga honi.

Mzee akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akageuza shingo, ikalia, ikageuka. Aliiona keria, tupu, na juu yake kioo cha gari na uso wa mtoto wake uliojaa hofu. Akakanyaga pedeli. Akaachia usukani, akaunyoosha mkono wa kulia. Baiskeli ikayumba, ikayumba tena, ikatafuta njia, ikaipata. Akapinda kona na mkono wake mweupe ukiwa nje. Alipokwisha kupinda akakigeuza kiganja juu, akavipunga vidole. Vilikuwa vizito, havijazoea.

Nyuma kule, lori likaitika. Pii-pii.

Binti alimpita, akaegesha pembeni, akashusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya ugomvi, ya mtu aliyeonewa pamoja na ndugu yake.

“Huyu wa lori ana nini? Umetazama, umetoa mkono, umefuata kila kitu. Mbona anakupigia honi?”

Mzee Kanuni alisimama kando ya dirisha lake, akihema. Alitaka kumweleza yote, akaona ni safari ndefu.

“Hanipigii mimi,” akasema. “Ukipata nafasi jioni, acha gari nyumbani. Nitakupitia.”

Binti akatazama keria, kisha akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameshapanda, anaondoka polepole, na mkono ameunyoosha tena.