Jua la Jikoni kwa Enuki

Siku ambayo jua lilitarajiwa kurudi Igloolik, kijiji cha kaskazini ya mbali ya Kanada, saa nne asubuhi, Leetia alikuwa akisawazisha utambi wa taa ya jiwe ya marehemu mama yake. Kaka yake, Enuki, aliingia, akakung'uta theluji miguuni, akaomba chai. Pua yake ilikuwa imebabuka. Mashavu yalikuwa yameiva kama ya mwindaji wa mwezi wa Mei, isipokuwa kuzunguka macho, palipobaki peupe kwa umbo la miwani ya theluji.

Jua halikuwa limeonekana tangu mwisho wa Novemba.

Leetia alimmiminia chai.

"Umeungua jua," alisema.

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Linaingilia dirisha la jikoni, linakaa mezani mpaka saa saba, linaondoka. Si kubwa. Kama sinia hivi." Alipuliza chai. "Ila huwezi kulitazama bila miwani."

Mama yao alikuwa amefariki Jumatano iliyopita. Kwa wiki tatu za mwisho aliuliza jambo moja tu kila asubuhi: limerudi? Enuki, anayeishi nyumba ya tatu kutoka pale, alikuwa akija kumshika mkono na kumjibu, "Bado, mama. Vumilia." Leetia alikumbuka jinsi mama alivyousifu mkono huo kwa joto lake.

"Ungembeba," alisema. "Ni nyumba ya tatu."

"Unamjua mama na redio ya kijiji. Angekitangazia kijiji kizima. Watu wangejaa, dada, na lenyewe dogo vile."

"Mama si watu."

Enuki aliongeza sukari.

Saa sita wote walikuwa juu ya barafu, ufukweni. Habari za jua la Enuki zilikuwa zimeshafika. Bibi Qaunaq, aliyewazidi wote umri, alimwuliza Enuki kama jua lake linakausha soksi.

"Vizuri sana, bibi."

"Mchoyo wewe," alisema, na watu wakacheka.

Jua lilichungulia. Watoto walilitabasamia kwa nusu ya uso, kama walivyofundishwa, kwa kuwa baridi ilikuwa bado haijaisha.

Baada ya hapo kila nyumba huzima taa yake, na zote huwashwa upya kwa moto mmoja. Bibi Qaunaq alifikiri kidogo, akaamua kwamba mwaka huu moto utoke kwa Enuki, maana kwake ndiko jua lilikoanzia. Hakuna aliyepinga.

Leetia alirudi nyumbani. Moto wa taa ile ya jiwe mama aliuwasha kwa mkono wake mwenyewe, giza lilipoanza, na haukuwa umezimika tangu hapo. Aliuzima kwa kidole. Kisha aliibeba taa, akasimama kwenye foleni.

Mezani kwa Enuki palikuwa na alama ya mviringo iliyoungua, na kiti kimoja kikitazama dirisha. Enuki aliusogeza moto.

"Nisamehe, dada."

"Shika sawasawa," alisema Leetia. "Mafuta yatamwagika."

Utambi ulishika mara moja. Taa ya mama iliwaka vizuri kuliko mwaka jana, bila moshi.