Maxine Ndani ya Santuri Mia Tisa na Arobaini

Trevor Lacey wa Romford alikuwa na santuri mia tisa na arobaini, na hakuna hata moja aliyoijua kwa jina. Alijitakia. Mwaka wa tisini na mbili, vijana walipokuwa wakikesha kwenye maghala matupu na mashamba ya ng'ombe, wakirukaruka kama waliokanyaga siafu, santuri tamu zilitoka nakala chache, mia mbili, mia tatu, na katikati yake karatasi nyeupe tu, jina limeandikwa kwa kalamu. Madijei walichunguliana kama wake wenza. Trevor akapata dawa: kila santuri aliishikilia juu ya mvuke wa birika, akabandua karatasi, wachunguliaji wakabaki wanachungulia uchi mtupu. Alisifiwa sana kwa ujanja huo. Yeye mwenyewe alizijua zote kwa kichwa, lakini kilikuwa kichwa cha miaka ishirini na minne.

Sasa ana hamsini na saba, na mkewe Maxine amezikwa tangu Machi.

Katika mojawapo ya santuri hizo yumo Maxine. Trevor na rafiki yake walikuwa wakirekodi muziki gerejini, Maxine akaingia na sinia, akauliza jambo, kinasa sauti kikamnasa. Wakamwacha humohumo, ila waliikimbiza sauti yake mpaka ikawa ya panya, maana ndiyo iliyokuwa fasheni. Picha za Maxine zimejaa droo mbili. Sauti yake haiko kwingine kokote. Trevor alitaka kumsikia tena, basi.

Akaanza na rafu ya juu, santuri ishirini kila siku baada ya chakula cha mchana. Ngoma hazikumsaidia kuitambua, kwani siku zile kila mtu aliiba ngoma zilezile. Ghorofa ya chini, Bibi Olive Pargeter wa miaka themanini na mmoja aligonga dari kwa fagio. Trevor hakujali. Kilichomtia baridi ni siku alipofika santuri ya mwisho, na Maxine hakutokea.

Kesho yake akashuka kuomba radhi.

"Kelele zimekwisha, Bibi Pargeter. Sikumpata."

"Hukumpata nani?"

Akamweleza palepale jikoni, amesimama. Bibi akamkagua masikio, la kushoto, la kulia, kama anayenunua mbuzi.

"Birika likipiga filimbi, wewe unasikia?"

"Birika gani?"

"Linalolia sasa hivi nyuma yako, kijana."

Trevor akageuka. Birika lilifuka mvuke, kimya kabisa. Miaka yote ile ya kusimama ubavuni mwa maspika makubwa kama makabati ilikuwa imemlia sauti nyembamba zote. Ngoma alisikia. Sauti ya panya, ng'o! Kumbe huenda alikwisha kumshika Maxine mkononi, akamrudisha rafuni.

Bibi akazima jiko. "Jumanne iliyopita, mwanamke kama panya alikuwa akiulizia sukari. Niligonga nikidhani unamtesa mtu."

"Jumanne! Santuri ya ngapi?"

"Nikuhesabie tena? Ile iliyofuata ile inayobweka."

Wakapanda. Santuri za Jumanne zilikuwa rafu ya chini, kwa mpangilio wake. Kwenye ya kumi na moja Bibi akainua kidole.

"Huyo!"

Trevor alisikia ngoma tu. Akapunguza mwendo wa mashine, akarudisha sindano. Ngoma zikaburuta miguu, na katikati yake ikatoka sauti ya mwanamke.

"Ndivyo alivyokuwa?" akauliza Trevor.

"Huyo bado yuko shule. Shusha."

Trevor akavuta kidude cha mwendo.

"Sasa umempa ndevu. Pandisha. Kidogo, nimesema, huendeshi lori!"

Trevor akapandisha kama alivyoamriwa, na hilo ndilo lililomchoma. Miaka thelathini na moja ya ndoa, miezi saba ya kaburi, na anamwuliza jirani aliyesalimiana naye ngazini tu sauti ya mkewe ilikuwaje.

"Hapo," akasema Bibi, polepole. "Huyo ndiye. Mrudishe."

Akamrudisha.

"Trev, sukari ngapi?" akauliza Maxine.

Bibi akamsukuma kwa kiwiko. "Mjibu basi. Umeulizwa."

"Mbili," akasema Trevor, lakini ngoma zilikuwa zimekwisha kumfunika. Akarudisha sindano. Safari hii alijibu upesi zaidi. Ngoma zikamwahi. Akarudisha tena, na tena, na kila mara kijinafasi kilikuwa kilekile, hakitoshi neno.

Mara ya saba Bibi Pargeter alishika reli ya ngazi, akateremka mwenyewe, akamwachia mkewe.